Kubadilisha chipu za taa ya kukuzia mimea: anza na draiva, chipu baadaye

Mkuu, umesema una paneli ya mwanga wa zambarau iliyoandikwa wati 600, ina chipu 60 (vijitaa vya LED) na draiva mbili (visanduku vinavyogeuza umeme wa ukutani kulisha chipu), chipu nne zimekufa, na unataka kung'oa zote uweke za "wati 10" ili miche ya nyanya na letisi ndani ya nyumba ipate mwanga zaidi. Hizo za wati 10 usinunue. Ukizifunga, paneli haitawaka, au itapepesa tu kama taa ya harusini.

Wengi hudhani wati zinaamuliwa na chipu. Mwenye kauli ni draiva. Draiva za paneli hizi husukuma mkondo usiobadilika, na volti hupanda au kushuka kufuata chipu zilizofungwa kwa mfuatano. Kwenye lebo yako umesoma DC 60–106V, 600mA, na kila draiva inalisha chipu 30. Maana yake kila chipu itapitiwa na 0.6A, iwe imeandikwa wati 3 au wati 100. Volti zote 30 zikijumlishwa lazima ziangukie kati ya 60 na 106. Ukishaielewa hesabu hiyo, kazi iliyobaki ni ya mikono.

Chipu nyeupe au ya bluu yenye punje moja (kile kipande kidogo cha ndani kinachotoa mwanga) hula kama volti 3.2 (huanzia 3.0 hadi 3.4). Nyekundu hula kama 2.2. Hiyo ya "wati 10" ni punje mbili ndani ya ganda moja, zimefuatana, kwa hiyo inadai mara mbili. Nyeupe 30 za aina hiyo ni 30 × 6.4 = 192V, na draiva yako inaishia 106. Hapo inajaribu, inashindwa, inajizima, inajaribu tena. Ndiko kupepesa kwenyewe.

Sasa angalia ulichonacho. Kwa mpangilio uliotaja, kila upande una nyekundu 20, bluu 6 na nyeupe 4: 44 + 19.2 + 12.8 = 76V. Zidisha kwa 0.6A, unapata wati 45.6 upande mmoja, kama 91 kwa pande zote. Ongeza upotevu wa draiva na feni, ukutani itasoma karibu 105. Zile 600 za kwenye boksi ni chipu 60 mara kumi, hesabu ya muuzaji.

Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa kila upande ni nyeupe 22 za 3000K au 4000K (kipimo cha rangi ya mwanga mweupe), na nyekundu 8 za nanomita 660 (urefu wa wimbi la mwanga). 22 × 3.2 + 8 × 2.2 = 88V, yaani wati 52.8. Unaongeza kama asilimia 16 ya umeme unaofika kwenye chipu, na bado una volti 18 za akiba. Akiba hiyo usiidharau. Chipu zikiwa baridi hudai volti zaidi kuliko zikiwa moto, na kwa mfuatano wa 30 tofauti inaweza kufika volti tatu au nne. Anayeweka nyeupe tupu 30 anapata 96V kwenye karatasi, lakini akiangukia chipu za 3.4 ni 102V, na alfajiri ya baridi taa inagoma.

Kwa nini nyeupe? Zambarau ilitokana na kutazama peke yake rangi ambazo klorofili, ile kemikali ya kijani ya jani, hufyonza zaidi, yaani bluu na nyekundu. Vipimo vya McCree vya 1972 kwenye majani ya mimea mbalimbali vilionyesha kuwa jani linatumia mwanga wote wa nanomita 400 hadi 700, kijani kikiwemo. Nyekundu ya 660 inabaki kwa sababu inatoa fotoni nyingi kwa kila wati na inakula volti kidogo. Halafu kuna hili ambalo wauzaji hawalisemi: chini ya zambarau huwezi kuona jani linaloanza njano wala vidukari mgongoni mwa jani. Chini ya nyeupe unaviona mapema.

Kwenye kununua, kaa mbali na zile za waridi zinazotangazwa "380–840nm". Ndani yake ni punje ya bluu iliyopakwa fosfa nyekundu (unga unaobadilisha rangi ya mwanga), na sehemu kubwa ya umeme inaishia kuwa joto. Za "wati 3" nazo hudanganywa kwa ukubwa wa punje: ya kweli ina punje ya mil 45 (mil ni sehemu moja ya elfu ya inchi), kama milimita 1.1 kila upande, lakini zinauzwa za mil 30 kwa jina hilohilo. Washa kamera ya simu, kuza hadi mwisho, ulinganishe punje na rula ya shule iliyowekwa pembeni. Kwangua pia kitako, kile chuma cha chini ya chipu, kwa ncha ya kisu. Shaba itabaki nyekundu hadi ndani, iliyopakwa rangi itatoa chuma cheupe. Nunua 50 ukihitaji 44, kwa sababu kuna zitakazokufa mkononi mwako.

Na kabla hujauliza: chipu ya LM301B ya Samsung, ambayo kila mtu anaitaja, haikai kwenye bodi hii. Ni ya milimita 3 kwa 3, inasolderiwa bapa, na inapenda mkondo mdogo wa 65mA. Bodi yako imetengenezwa kwa chipu za milimita 8 zenye miguu miwili.

Kuhusu usalama nitakuwa mkali kidogo. Umeme wa 230V ukishageuzwa, kapasita kubwa ya draiva inashika karibu volti 325, na inaweza kubaki nazo hata umechomoa plagi. Imwage kwa rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5, shikilia sekunde kumi, kisha pima. Ukiigusisha bisibisi unaharibu kapasita na bisibisi yenyewe. Draiva nyingi za bei nafuu hazijatenganishwa na umeme wa ukutani, kwa hiyo waya wa ardhi lazima ufungwe kwenye fremu ya chuma, hasa mahali penye mvuke na maji ya kumwagilia.

Kutafuta chipu mbovu hakuhitaji draiva. Chukua betri ya volti 9 na rezista ya kilo-omu 1, gusa miguu ya kila chipu. Nzima itawaka kwa unyonge, mbovu itabaki kimya, na mara nyingi utaona kidoa cheusi katikati yake. Mita ya umeme (multimita) peke yake inaweza kukudanganya, maana nyingi hazina volti za kutosha kuwasha nyeupe. Kama chipu moja imezima na nyingine zinaendelea kuwaka, ama imeshoti, ama bodi yako ina zena ndogo (diodi ya kulinda) pembeni ya kila chipu inayopitisha mkondo chipu ikikatika. Zena hizo ziache mahali pake.

Kung'oa ndipo watu wanapoharibu bodi. Bodi ni ya aluminiamu, imetengenezwa kunyonya joto, kwa hiyo pasi ya solda ya wati 60 inaganda pale pale na fundi anaanza kuvuta kwa nguvu. Fungua lenzi kwanza, kwa sababu plastiki inayeyuka. Toa bodi kwenye mapezi ya kupoozea, iweke juu ya jiko la umeme la sahani, uipashe hadi kama nyuzi 110 (tone la maji likidondoka linachemka papo hapo). Hapo pasi ya nyuzi 350 yenye ncha pana inatosha. Paka flaksi (dawa ya kusaidia solda itiririke), yeyusha mguu mmoja, uinue kwa kibanio, kisha wa pili. Kitako bado kitang'ang'ania kwa sababu ya grisi ya kupitisha joto iliyokauka chini yake. Kizungushe kushoto na kulia kama unafungua kizibo, usikibinue. Ukibinua, mguu unaondoka na kipande cha shaba cha bodi, na hapo itabidi uunganishe pengo hilo kwa waya.

Safisha grisi ya zamani kwa spiriti mpaka pang'ae. Kabla ya kuweka mpya, pima kama kitako cha chipu kimeungana na mguu wowote. Kwa nyekundu, hasa, mara nyingi kimeungana. Kama bodi yako ina tabaka la kuhami chini ya kitako, hakuna shida. Kama kitako kinakaa kwenye aluminiamu tupu, nyekundu mbili zilizoungana hivyo zitashotisha zote zilizo katikati yake, na utakaa siku nzima ukitafuta kwa nini nusu ya paneli haiwaki.

Grisi mpya ni tone la ukubwa wa punje ya ulezi, basi. Ikizidi inakuwa godoro badala ya daraja. Bonyeza chipu kwa kushika ganda, kamwe usiguse kuba la silikoni: chini yake kuna nyuzi nyembamba kuliko unywele, na zikikatika chipu imekufa bila alama yoyote nje. Chanya na hasi zihakikishe kwa ile betri hata kama kuna alama, kwa sababu viwanda havikubaliani. Moja ikigeuka, upande mzima hauwaki.

Ukimaliza, jaribu kila chipu tena kwa betri, kisha unganisha draiva ikiwa imezimwa. Usiguse waya za chipu kwenye draiva iliyokwisha washwa. Ikiwa haijaunganishwa na chipu, kapasita ya upande wake wa kutolea umeme hujaa hadi volti za juu kabisa, na ukigusisha, mshtuko huo wa kwanza unaua chipu kadhaa kwa mpigo. Kwa mara ya kwanza pitisha umeme wa ukutani unaoingia kwenye draiva kupitia bulbu ya kizamani ya wati 100 iliyofungwa kwa mfuatano. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, zima. Usitazame chipu moja kwa moja.

Pima joto la bodi baada ya saa moja. Chini ya nyuzi 60 uko salama. Ikipita 75, shughulikia: kwanza feni na vumbi, kisha mkondo. Draiva nyingi zina rezista mbili ndogo sambamba zinazopima mkondo, karibu na IC (kile kidude cheusi kinachoongoza draiva). Kwa mfano ukiona 1R0 na 3R0, yaani omu 1 na omu 3, kwa pamoja ni omu 0.75. Ukitoa ya 3R0 inabaki 1, na mkondo unashuka kutoka 600 hadi 450mA. Mwanga haupungui kwa kiwango hicho hicho, maana chipu iliyopoa na kulishwa kidogo inafanya kazi vizuri zaidi kwa kila wati. Mimi ningependelea hivyo kuliko kuongeza.

Draiva zenyewe huuawa na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Kile kifaa cha kulindia friji kinachochelewesha umeme dakika chache kinafaa kabisa hapa.

Usirudishe paneli kwenye urefu uleule. Miche iliyozoea taa iliyochoka ianzie sentimita 60, shusha sentimita tano kila baada ya siku mbili, usimame ukiona ncha za majani ya juu zinapauka au kujikunja. Kwa letisi lenga mikromoli 200 za mwanga kwa kila mita ya mraba kila sekunde, taa ikiwaka saa 16. 200 × 16 × 0.0036 inakupa moli 11.5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Sasa kwa kuwa taa ni nyeupe zaidi, programu ya lukisi ya simu inakupa makadirio ya kufaa: gawa lukisi kwa 65 upate mikromoli. Hizo nyekundu za 660 simu inaziona kwa shida, kwa hiyo mwanga halisi utakuwa juu kidogo ya unachokisoma.