Mapepo, Mnara na Kioo: Je, Ngũgĩ Anaibeza Imani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fasihi hapa Mpwapwa na pia ni mzee wa kanisa. Nimeisoma riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Mũrogi wa Kagogo, katika tafsiri ya Kiingereza, nikakuta mapepo Ikulu, mnara wa kumfikia Mungu na mganga mwenye kioo. Je, mwandishi anaibeza imani ya watu?

JIBU: Mwalimu, ninavyoisoma riwaya hii, marehemu Ngũgĩ haibezi imani, anamshambulia mwenye mamlaka anayetaka kuimiliki. Kitabu hicho, kilichotoka kwa Kikuyu mwaka 2004 na kwa Kiingereza miaka miwili baadaye, kinaanza na minong'ono ya wananchi wa Aburiria, nchi ya kubuni, kuhusu ugonjwa wa Mtawala wao. Wengine wanasema ni hasira iliyomjaa kifuani, wengine laana ya mbuzi beberu aliyedhulumiwa, wengine machozi ambayo mkewe Rachael hakuweza kuyatoa, na wengine wanasema kwamba mapepo aliyoyafuga katika chumba maalumu cha Ikulu yamempa kisogo. Mahali ambapo hakuna anayethubutu kumwita Mtawala muuaji hadharani, habari za beberu na mapepo ndizo zinazoyabeba mashtaka hayo.

Sisi wa Ugogo, nchi ya Wagogo, tunapaswa kulielewa jambo hili upesi. Mtemi, yaani chifu, wa zamani alibeba dhamana ya mvua na rutuba ya nchi yake, kwa hiyo mbingu zilipofunga, macho ya watu yalimwelekea yeye. Ishara ilimbana mtawala. Mtawala wa Aburiria anataka kinyume chake. Wapambe wake wanamwahidi, kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, mnara utakaofika mbinguni ili azungumze na Mungu, nao utajengwa kwa mkopo wa benki ya kigeni. Msomaji wa habari za mnara wa Babeli katika Mwanzo sura ya 11 hahitaji maelezo zaidi.

Kioo ndicho kinachostahili kusomwa polepole. Kamĩtĩ, kijana msomi asiye na kazi, anawakimbia polisi usiku, na ili kujiokoa anatundika nje ya nyumba furushi la mifupa na matambara pamoja na onyo kwamba hapo ni kwa mchawi. Askari aliyekuwa akimfukuza, Arigaigai Gathere, anaingiwa na hofu. Lakini baadaye anarudi kwa heshima zote, akiomba aondolewe adui anayemzibia njia ya kupandishwa cheo. Kamĩtĩ anamtaka amfikirie adui huyo mpaka sura yake inaswe kwenye kioo, kisha anakikwaruza. Askari anapata cheo, sifa zinaenea, na wakubwa wenye uroho wa mali na madaraka wanaanza kumiminika kwa mganga huyo.

Ninyi wa kanisani mtawakuta pia Maritha na Mariko, wanandoa wanaosimulia mbele ya waumini mapambano yao na Shetani. Tunacheka tunapowasoma, ni kweli, lakini sikuona mahali Ngũgĩ alipowavunjia heshima, kwa sababu imani yao haimnyang'anyi mtu chochote. Darasani ningeanza na sura ya kioo, kisha ningewauliza wanafunzi ni nani kati ya Kamĩtĩ na askari anayeamini, na hofu ya askari huyo inatoka wapi.