Mwanafunzi, Kabla ya NAS Nunua Diski Mbili

NAS ni kiboksi chenye diski moja au zaidi kinachochomekwa kwenye ruta kwa kebo, kisha kila kifaa kilichomo kwenye mtandao wa nyumba hiyo kinaweza kusoma na kuandika humo. Kwa ndani ni kompyuta ndogo isiyo na skrini, inayowaka usiku na mchana. Wanafunzi wanaoiulizia huwa na mojawapo ya shida mbili: laptopu imejaa, au wamemwona mwenzao aliyepoteza tasnifu siku chache kabla ya kuwasilisha. Shida ya kwanza inaisha kwa diski ya nje. Ya pili NAS peke yake haiimalizi, na hapo ndipo bumu la muhula linapoteketea bure.

Anza kwa kupima. Pakua WinDirStat, programu inayoonyesha nini kimejaza diski, iache ikague diski nzima, halafu gawa unachokiona mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu ambavyo duniani kote unavyo wewe tu: tasnifu, data za utafiti, picha, michoro, msimbo ulioandika. La pili ni vile vinavyoweza kupakuliwa tena: filamu, programu, vitabu vya PDF. Linalohitaji ulinzi ni la kwanza. Kwa anayesoma sheria, elimu au biashara, fungu hilo kwa miaka yote ya chuo mara nyingi halifiki GB 15, maana yake linaenea lote kwenye akaunti ya bure ya Google. Kumbuka tu kwamba GB 15 hizo zinagawanwa na barua pepe na picha. Tangu Juni 1, 2021 picha mpya za Google Photos, hata zilizopunguzwa ubora, zinahesabiwa humo.

Hesabu hubadilika kwa anayepiga video. Simu inayorekodi 4K kwa fremu 30 hula takribani MB 170 kwa dakika ikitumia HEVC (namna mpya ya kubana video), na karibu mara mbili ya hapo ikitumia H.264, namna ya zamani. Kamera inayoandika Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde) hula GB 45 kwa saa. Mwanafunzi wa jiomatiki (upimaji wa ardhi) anayerusha droni anarudi na picha mia kadhaa kila safari, kisha programu ya kuziunganisha inazalisha mafaili makubwa kuliko picha zenyewe. Watu wa aina hii wanaweza kuvuka TB 2 kabla ya mwaka wa mwisho, na kwao swali la NAS ni la haki.

Akaunti ya chuo usiitegemee kama ghala la kudumu. Google ilishaondoa hifadhi isiyo na kikomo kwa taasisi za elimu na kuweka TB 100 za kugawana taasisi nzima, ndiyo maana vyuo vingi vimewawekea wanafunzi kiwango. Ukihitimu, akaunti yenyewe inaweza kufungwa.

Swali linalofuata ni unalala wapi. Waifai nyingi za vyuo zimewekwa ili vifaa vya watumiaji visionane, hivyo laptopu yako haitaiona NAS hata kama zote ziko meza moja. Nyingi pia zinataka uingie kwa ukurasa wa nywila kwanza, na kiboksi kisicho na skrini hakina namna ya kuujaza. Ongeza chumba cha watu wanne, soketi moja na kabati lenye kufuli la mfukoni. Ukiiweka NAS kwa wazazi Mbeya nawe unasoma Dar es Salaam, kila GB unayoituma inapita kwenye bando lako.

Hata nyumbani, mtandao wenyewe huwa kikwazo. Ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ya Mbps 100, ambayo kwa vitendo ni kama MB 11 kwa sekunde. Kunakili GB 500 kwa mwendo huo kunazidi saa 12. Diski hiyohiyo ukiichomeka moja kwa moja kwenye USB 3.0 huenda MB 100 hivi kwa sekunde, na kazi inaisha ndani ya saa moja na nusu. Mafaili madogomadogo kwa maelfu yatachelewa kote kuwili. Yafunge kwanza kwenye ZIP moja.

Kwa wengi, basi, jibu ni diski mbili za nje za inchi 2.5, za TB 1 au 2, zile wengi wanazoziita eksteno, pamoja na wingu kwa kazi inayoandikwa sasa hivi. Zibandike karatasi, moja A na nyingine B. A unakaa nayo na kunakili kila wiki. B inakaa nyumba nyingine kabisa, kwa shangazi au kwa kaka, na mnazibadilishana kila mwezi au kila unapopita huko. Kwa namna hiyo unatimiza kanuni ya 3-2-1 bila kuwasha chochote usiku: nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya unapoishi. Kosa tunaloliona zaidi ni diski ya nakala kulala kwenye begi moja na laptopu. Mwizi habagui, hubeba begi zima.

Diski hizo ziformati kwa mfumo wa mafaili wa NTFS ukitumia Windows. Usichague exFAT ila ukiwa unabadilishana mafaili na mtu wa Mac, kwa sababu haitunzi kumbukumbu ya maandishi yanayoendelea, hivyo kebo ikichomoka katikati ya kunakili ni rahisi zaidi folda kuharibika. FAT32 itakataa faili lolote linalozidi GB 4.

Programu ya kunakilia inayotosha ni FreeFileSync, ya bure. Ina hali inayoitwa Mirror, nayo ndiyo inayowaliza watu: inaifanya diski ifanane kabisa na laptopu, kwa hiyo ulichofuta kwa bahati mbaya jana kinafutwa na kwenye nakala leo. Tumia hali ya Update, au ukitaka Mirror washa Versioning na uelekeze mafaili yaliyofutwa na yaliyobadilishwa kwenye folda ya pembeni. Folda hiyo ndiyo itakayokuokoa pia ikiwa programu ya kufunga mafaili kwa fidia imeingia kwenye laptopu na usigundue mapema. Nyingi za aina hiyo, kama familia ya STOP/Djvu, zilisambaa kupitia programu zilizovunjwa leseni, mzigo unaojulikana sana hosteli.

Kila mwisho wa mwezi fungua mafaili matano sita kutoka diski B kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu. Na kwa kuwa laptopu nyingi za Windows 11 husimba (hufunga kwa ufunguo wa siri) diski ya ndani zenyewe, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, tafuta ufunguo wa BitLocker, yaani wa usimbaji huo, wenye tarakimu 48, uuandike kwenye karatasi. Bodi ya laptopu ikiungua, fundi akitoa diski ya ndani bila ufunguo huo hatapata kitu.

Sokoni kuna diski za uongo. SSD inayodai TB 16 kwa bei ya viatu vya mtumba ndani ina kadi ndogo ya kumbukumbu iliyodanganywa ukubwa. Inapokea mafaili yote, kisha huandika juu ya yale ya mwanzo. Kabla hujaweka chochote, endesha programu ya kupima ukubwa halisi, H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Inajaza diski nzima na kuisoma tena, kwa hiyo kwa TB 1 tenga saa sita. Kisha fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski: mistari 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu mbovu, inatakiwa kuwa sifuri kwenye safu ya Raw Values. Namba yoyote hapo kwenye diski inayouzwa kama mpya, irudishe siku hiyohiyo. TB 1 kuonekana kama GB 931 kwenye Windows si wizi, ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu.

Diski hizi zisifike steshenari. Pale panapochapishwa kazi za darasa zima ndipo flashi zinapookota kirusi kinachogeuza mafaili kuwa shotikati. Beba flashi ndogo yenye PDF unayochapisha, basi. Kirusi hicho kikishaingia, usiformati: mara nyingi mafaili yamefichwa tu, na amri attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (iandike kwenye Command Prompt, na weka herufi ya flashi yako) huyarudisha machoni. Baada ya hapo yachunguze kwa programu ya kuua virusi, na shotikati zenyewe uzifute bila kuzibofya.

Kuhusu filamu na muziki hakuna haja ya maneno mengi. Runinga ina tundu la USB; chomeka diski. Ikikataa faili, kwa kawaida ni HEVC kwenye runinga ya zamani, na hata seva ya nyumbani italazimika kuligeuza faili hilo papo kwa papo, kazi inayoilemea NAS ya bei ya chini.

NAS inaanza kuwa na maana ukiwa umepanga au unaishi kwenu kwa miaka, ruta ni yako, watu watatu au wanne wanatumia mafaili yaleyale, na fungu la kwanza limeshapita TB 2. Hapo bajeti isihesabu kiboksi tu. Chenye diski mbili hula wati 15 hadi 20. Kwa wati 20 ni yuniti 14.4 kwa mwezi, na kwa nyumba yenye LUKU ya matumizi madogo, ambayo kikomo chake ni yuniti 75, hilo ni karibu fungu moja la tano. Halafu UPS, betri inayoshikilia vifaa umeme ukikatika. Umeme ukikatika diski ikiandika, mfumo wa mafaili unaweza kuvurugika, na pigo la umeme kurudi ndilo huua adapta. UPS ya VA 650 inatosha, mradi iwe na kebo ya USB ya kuiambia NAS ijizime yenyewe kabla betri haijaisha.

Diski mbili ndani ya NAS zikiwekwa RAID 1 huandikwa kitu kilekile kwa wakati mmoja. Moja ikifa unaendelea na kazi, na hapo ndipo faida yake inapoishia. Ukifuta, zote mbili zimefuta. Radi ikipiga, zote ziko kwenye waya mmoja. Mwenye NAS bado anahitaji diski B kwa shangazi. Ukinunua za kuweka humo, uliza kama ni CMR, yaani zinazoandika data kwa mistari isiyopandana. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya WD Red za TB 2 hadi 6 zilikuwa SMR, ambazo mistari hiyo hupandana, aina ambayo hupunguza mwendo vibaya sana RAID inapojengwa upya.

Njia tunayoipendelea kwa mwanafunzi mwenye hamu ya kujifunza ni laptopu ya zamani: betri yake ni UPS tayari. Weka Debian (mfumo endeshi wa Linux) na Samba (ya kugawana mafaili kwenye mtandao), na Jellyfin ukitaka filamu, inayofunguka kwa kivinjari kwenye bandari (port) 8096. Katika /etc/systemd/logind.conf andika HandleLidSwitch=ignore, ama sivyo ukifunga kifuniko inalala. ThinkPad na Dell Latitude nyingi zinaruhusu kuzuia chaji isizidi asilimia 80; fanya hivyo, kwa sababu betri inayokaa imejaa kwenye joto la Pwani huvimba. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, inafaa pia, ila matundu yake yote ya USB yanagawana ampea 1.2, na diski mbili zisizo na adapta yake zitakuwa zinapotea na kurudi.

Kuifikia ukiwa chuoni, usifungue bandari kwenye ruta. Januari 2022 programu ya fidia iitwayo DeadBolt ilifunga maelfu ya NAS za kampuni ya QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti na kudai bitcoin. Ukitumia intaneti ya simu huenda hata huwezi kuifungua, maana laini nyingi zinagawana anwani moja ya IP. Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa siri kupitia intaneti, inapita hapo bila kugusa ruta: isakinishe kwenye NAS na kwenye laptopu, ingia kwa akaunti moja, kisha tumia anwani inayoanza na 100 itakayokuonyesha. Vuta PDF na Word kwa njia hiyo. Video zisubiri likizo.