Jibu: Kukuri inadunda kwenye kuni, makali yamejikunja

Salaam mkuu. Umesema kukuri yako, kile kisu kizito cha Kinepali kilichopinda, inadunda na makali yamejikunja karibu na ncha. Kwanza angalia unapiga kwa sehemu gani. Wahunzi wa Nepal humimina maji ya birika kwenye makali yakiwa bado ya moto, hasa pale tumboni, sehemu pana iliyobinuka, ndiyo maana hapo pagumu kuliko ncha na mgongo; basi piga kwa hapo.

Mnepali niliyefanya naye kazi Doha alinicheka nilivyoukaba mpini kama wa shoka, malengelenge matatu kwa asubuhi moja! Legeza kiganja, piga mshazari, uzito wa mbele ufanye kazi. Gogo nene lipelekee shoka.

Usikimbilie tupa. Kile kijisu butu kwenye ala, chakmak, kipitishe taratibu makali yanyooke. Na ukichomoa, vidole visizunguke ala upande wa makali.