Magitaa manne yanayosikika kama moja

Swali: Habari za kazi, fundi. Bendi yetu inapiga rock na mpiga gitaa ni mimi peke yangu. Nimerekodi rithimu ya wimbo mzima, nikainakili kwenye kompyuta mpaka zikawa treki nne, mbili nikazipeleka kushoto na mbili kulia. Sauti imekuwa kubwa lakini si nene. Rafiki yangu akanishauri nizicheleweshe zile za kulia kwa milisekunde 10. Kwenye hedfoni ikapanuka vizuri mno, ila nikiicheza kwenye simu gitaa linasikika kama limo ndani ya bomba. Nikaongeza distoshoni, ikawa nyuki kwenye kopo. Wenzetu wenye majina wanafanyaje? Wanarekodi magitaa mangapi? Na jukwaani itakuwaje nikiwa peke yangu?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Umehangaika mara tatu, lakini tatizo ni moja: gitaa ulilipiga mara moja tu. Yote uliyoyafanya baada ya hapo ni kuizungusha sauti ileile.

Nakala haileti kitu kipya. Treki mbili zinazofanana kabisa zikijumlishwa, mawimbi yake yanapandiana sawasawa na sauti inaongezeka desibeli 6, basi. Ukizitenga, moja kushoto na moja kulia, masikio yote mawili yanapokea kitu kilekile kwa wakati uleule, kwa hiyo unalisikia gitaa katikati, palepale anapokaa mwimbaji. Hata ungeweka nakala mia, bado una gitaa moja lenye kelele zaidi. Ungesukuma fada moja (kitelezi cha kupandisha sauti ya treki) juu ungefika hukohuko.

Ujanja wa rafiki yako unajulikana, na hakukudanganya. Sauti ileile ikifika mara mbili kwa kupishana milisekunde chache, hatusikii sauti mbili. Tunasikia moja iliyojitanua na kuelemea upande uliotangulia. Ubaya wake unaonekana pale kushoto na kulia zinapomwagwa kwenye spika moja, kama simu yako ilivyofanya. Fanya hesabu. Kwa kuchelewa milisekunde 10, mawimbi ya Hz (mitetemo kwa sekunde) 50, 150, 250, 350 na kuendelea yanakutana kinyume, kilele cha hili kwenye bonde la lile, yanafutana. Ya Hz 100, 200 na 300 yanaongezana. Ukichora mstari wake unapata umbo la kitana: jino, pengo, jino, pengo. Mapengo ya 250 na 350 yanaangukia penye mwili wa gitaa hasa, na hilo ndilo bomba ulilolisikia. Kubadilisha muda hakusaidii, kunahamisha mapengo tu. Ukiweka milisekunde 1, yanahamia Hz 500, 1500 na 2500.

Wakubwa nao waliwahi kutafuta njia ya mkato. Mwaka 1966, Ken Townsend, fundi wa studio za EMI jijini London, aliwatengenezea The Beatles mbinu ya kuzalisha sauti ya pili ya mwimbaji kwa mashine ya ziada ya tepu, kwa sababu John Lennon alichoka kuimba kila kitu mara mbili. Lakini angalia alichokifanya: mwendo wa ile mashine ya pili ulibadilishwabadilishwa kidogo wakati tepu inazunguka, ili ucheleweshaji usitulie mahali pamoja. Fundi yule alikuwa anatafuta kutofautiana. Wewe ulinyoosha nakala yako kwa rula.

Basi dawa ni kupiga tena. Acha raundi ya kwanza ilivyo, ipeleke kushoto kabisa, kisha piga wimbo upya mwanzo hadi mwisho na raundi hiyo uipeleke kulia kabisa. Hutaweza kujiiga kikamilifu hata ukitaka. Hapa piki, kile kipande cha kupigia nyuzi, itawahi uzi kwa milisekunde 5, pale itachelewa 8, kidole kitabana freti kwa nguvu kidogo zaidi, uzi wa tatu utalia kuliko ulivyolia mwanzo. Tofauti hizo hazitulii, kwa hiyo kile kitana hakipati nafasi ya kusimama mahali pamoja. Kwa kipimo cha desibeli, raundi mbili za kweli zikijumlishwa hupanda takriban 3 tu, pungufu ya nakala, na bado zinasikika nene kuliko nakala. Unene unaoutafuta unatokana na kutofautiana huko.

Jambo hili si geni. Mwaka 1948 Mmarekani Les Paul alitoa kibao chenye sehemu nane za gitaa, zote kapiga mwenyewe, akirekodi kutoka sahani hadi sahani. Kila alipoongeza gitaa, yaliyotangulia yalinakiliwa tena na kuchakaa kidogo, na akikosea mwishoni hakuna kurudi nyuma kwa kubofya. Wewe unayo kompyuta isiyochakaza kitu. Huna sababu ya kukwepa kupiga mara mbili.

Namna ya kupiga raundi ya pili ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Usirekodi wimbo mzima kwa pumzi moja. Chukua ubeti, piga raundi zake zote, ndipo uende kwenye kiitikio. Mkono ukiwa bado unakumbuka ulichofanya dakika mbili zilizopita, raundi zitashikana zenyewe. Kwenye hedfoni weka dramu katikati, besi kidogo, na raundi ya kwanza kwa mbali kwenye sikio moja. Ukiipandisha sana utaanza kuifukuza, na anayefukuza huwa nyuma siku zote. Wanaoanza huhangaika na mahali pa kuanzia noti, wakasahau mahali pa kuinyamazisha. Tuseme rifu yako, yaani kipande kifupi kinachojirudia, ina kordi tatu kisha kimya kwenye pigo la nne. Kushoto ukinyamaza sawasawa na sneya (ngoma kali ya katikati ya dramu), kulia mkono ukasinzia nyuzi zikaendelea kuvuma, kile kimya kinapasuka na rifu nzima inalegea. Mimi huwaambia wapigaji wakariri kiganja cha mkono wa piki kinatua lini, si kinaondoka lini.

Na raundi mbili zishikane kiasi gani? Kwenye pigo kali, zikipishana zaidi ya milisekunde 30 hivi sikio linaanza kuhesabu wapigaji wawili. Chini ya hapo ziache zipumue. Nimeona watu wanachukua raundi mbili nzuri, wanazikatakata na kuzigandisha zote kwenye mistari ya kompyuta, halafu wanashangaa upana umekwenda wapi. Rekebisha pale palipochomoza tu.

Kabla ya kila raundi, tuni. Si kila wimbo, kila raundi. Noti ya Hz 440 na nyingine ya 442 zikilia pamoja, sauti inayumba mara 2 kwa sekunde, jambo ambalo mtu anaweza kulisamehe. Lakini distoshoni inainua noti za juu zilizojificha ndani ya ile ya msingi, na kwenye ile yenye mitetemo mara tatu ya msingi, yaani 1320 dhidi ya 1326, mayumbo ni 6 kwa sekunde. Hapo linaanza kusikika gitaa bovu. Tena uzi ukipigwa kwa nguvu hupanda kidogo mwanzoni kabla ya kutulia, kwa hiyo unapotuni piga kwa nguvu ileile utakayorekodia. Anayetuni kwa kubembeleza nyuzi kisha akarekodi kwa hasira anajitega mwenyewe.

Sasa hao nyuki. Distoshoni inakata vilele vya mawimbi, na kwa kukata inazalisha mitetemo ambayo wewe hukuipiga. Ukipiga noti mbili kwa pamoja, inazalisha pia jumla na tofauti ya mitetemo yake. Chukua kordi ya noti mbili ambayo wapiga rock huiita pawa, A ya Hz 110 na E ya 165. Tofauti yake ni 55, nayo ni A iliyo oktavu moja chini. Gitaa limejipatia besi bila malipo, ndiyo maana kordi ile inanguruma. Weka C kali ya Hz 138.6 badala ya E, tofauti inakuwa 28.6, mngurumo wa chini usio na kazi yoyote kwenye wimbo, pamoja na takataka nyingine nyingi huko juu. Zidisha hayo kwa treki nne. Kwa hiyo unapopanga tabaka, shusha geini, yaani kiasi cha distoshoni. Gitaa ambalo likisikilizwa peke yake linaonekana kavu kidogo, likikutana na mwenzake linatosha. Na kama kiitikio kinadai kordi kamili yenye noti ya tatu (kwa A ni ile C kali; ya tano ni E) huku ukitaka distoshoni nzito, gawanya: treki moja ibebe noti ya msingi na ya tano, nyingine ibebe noti ya tatu peke yake. Zikichanganywa baada ya amplifaya badala ya kabla yake, hazitafunani.

Swali la magitaa mangapi lilinipa funzo zamani. Bendi moja ilitaka ukuta, nami sikuwa na ujasiri wa kukataa, tukafikisha treki kumi na mbili za rithimu ileile, gitaa lilelile, amplifaya ileile. Wakati wa kumiksi dramu zikawa kama zimefunikwa blanketi. Kwa kuchoka nikaanza kuzima moja moja nione kinachopotea. Nilipobakiza mbili wimbo ulikuwa mkubwa kuliko wakati wowote wa siku ile. Raundi zikizidi kuwa nyingi, mwanzo wa kila kordi unasambaa, piki hazisikiki tena, na kinachobaki ni wingu. Tangu siku hiyo jibu langu ni mbili kwa ubeti, na nne kwa kiitikio ikiwa hizo mbili za nyongeza zina kazi yake.

Kazi yake maana yake nini? Sikiliza bendi ya AC/DC. Malcolm Young kwenye Gretsch upande mmoja, Angus Young kwenye Gibson SG upande wa pili, distoshoni ya wastani, na mara nyingi kordi ileile inashikwa sehemu mbili tofauti za shingo ya gitaa. Watu wawili tu, na kila mtu anaziita nyimbo zile nzito. Brian May wa Queen, anayepanga magitaa kama kwaya, anatumia gitaa alilolitengeneza na baba yake lenye pikapu tatu (vifaa vinavyonasa mtetemo wa nyuzi), kila moja na swichi yake ya kuwasha na swichi ya kugeuza fezi, yaani kupindua wimbi kilele kiwe bonde. Gitaa ni lilelile lakini linaweza kutoa koo nyingi. Wewe mwenye gitaa moja, kwa raundi ya tatu na ya nne badilisha unachoweza: pikapu ya shingoni badala ya ya darajani, maiki isogee kutoka katikati ya koni ya spika kwenda pembeni, sauti itapoa. Au badilisha kordi yenyewe. Kama rithimu yako ni A ya freti za chini, weka kapo (kibano cha kubana nyuzi zote) freti ya 7 ushike umbo la D: ni A ileile, lakini inalia juu, mbali na besi na mbali na ile ya kwanza. Hiyo mimi naipenda kuliko pedali yoyote. Gitaa la akustiki likipigwa chini ya ya umeme, kwa sauti ndogo kiasi kwamba hulitambui mpaka lizimwe, linarudisha ule mgongano wa piki na uzi ambao distoshoni imeumeza.

Kwenye kumiksi hakuna mengi. Uzi mnene wa gitaa unaanzia Hz 82, wa besi 41. Kata kila kilicho chini ya 80 au 100 kwenye magitaa na umwachie mpiga besi nyumba yake. Spika ya gitaa ya inchi 12 inaanza kuporomoka kuanzia kHz 5 hivi, kwa hiyo mengi unayoyasikia juu ya 8 ni mchakarisho, yapunguze. Na fungua mono, yaani kushoto na kulia pamoja, mara kwa mara, usisubiri simu ikuambie.

Umeuliza jukwaani itakuwaje. Kabla hujarekodi tabaka lolote, zima yote ubakishe raundi moja katikati, pamoja na dramu, besi na sauti ya mwimbaji, kisha sikiliza wimbo wote. Mahali utakapohisi pamebomoka ndipo mpangilio wenyewe una pengo, na huko jukwaani pengo litakuwepo. Mara nyingi ni kwenye solo, rithimu inapotoweka. Mwambie mpiga besi aongeze distoshoni kidogo na ashike noti ya msingi na ya tano kwa pamoja juu ya freti ya 7. Akipiga chini zaidi zitakorogana. Ikitosha hapo, rekodi tabaka zako.