Hamsta bei rahisi, nyumba yake ndo ghali

*Shangazi anajibu barua zenu za mambo ya hela na nyumba*

Shikamoo Shangazi. Mimi naishi Leicester na mume wangu na watoto wawili, mkubwa ni wa kike ana miaka 9 na tangu mwaka jana wimbo wake ni mmoja tu, hamsta hamsta, kale kamnyama kadogo kama panya kanakofugwa ndani, manake rafiki yake wa shule anaye. Juzi tumepita dukani nikaona hamsta anauzwa pauni 15 na kizimba kidogo cha marangi rangi pauni 35, nikasema mbona hii inawezekana, nikatenga pauni 60 kwenye bajeti ya mwezi huu. Mume wangu hataki kusikia, anasema hawezi kulala nyumba moja na panya, na mama mkwe kule Tanga alipoambiwa ndo kabisaa. Naomba unambie hiyo 60 inatosha au kuna vitu sijaviona? Na mwishoni mwa mwezi wa 7 tunaenda nyumbani wiki 5. *Mama Zahra*

Marahaba mwanangu. Nikujibu mapema kabla hujaitoa hiyo hela, 60 haitoshi, na kinachofanya isitoshe sio hamsta, ni hicho kizimba cha marangi. Kile ni kidogo mno, mnyama hawezi kuishi mle na utakuja kununua kingine baada ya miezi miwili, kwahiyo 35 yako itakuwa imepotea.

Sababu yake ni hii. Huyu hamsta mkubwa wa rangi ya dhahabu asili yake ni Syria, upande wa Aleppo, na wa majumbani karibu wote ni kizazi cha mama mmoja na watoto wake waliochimbuliwa shambani kule mwaka 1930. Kule wanaishi ndani ya mashimo wanayochimba wenyewe, wanatoka wanatembea mbali kutafuta nafaka, wanazijaza mashavuni mpaka kichwa kinakuwa kipana kuliko mwili alafu wanarudi kuficha. Sasa mnyama wa hivyo ukimuweka kwenye kiboksi anaanza kutafuna nondo za kizimba usiku kucha, na hizo kelele ndo zitamnyima mume wako usingizi kweli. Kipimo kinachopendekezwa saivi kwa Uingereza ni urefu sentimita 100, upana 50 na kimo 50, na chini utandike karatasi laini kina cha sentimita 20 au zaidi apate pa kuchimba. Gurudumu la kukimbilia liwe na sentimita 28 hivi toka ukingo mmoja mpaka wa pili, dogo linampinda mgongo.

Hesabu yangu kwa bei nilizoona mimi (kwenu zinaweza kupanda au kushuka kidogo) iko hivi. Kizimba kipya cha saizi hiyo pauni 90, gurudumu lisilo na kelele 20, kinyumba cha kulalia 10, chupa ya maji 6, boksi la kumbebea 10, mchanga wa kuogea 5, chakula cha kuanzia 7, na matandiko ya mara ya kwanza 24 manake kujaza kizimba kikubwa hivyo unahitaji kama lita 100 za karatasi. Ongeza hamsta mwenyewe 15. Jumla 187. Umeona mnyama yuko wapi kwenye hiyo orodha? Ni 15 tu kati ya 187.

Pa kupunguzia papo lakini. Kizimba usinunue kipya. Watu wanauza vya mitumba onlaini kila wiki, mtoto kachoka au hamsta kafa, wanataka tu kitoke sebuleni, kwa 40 unapata kizuri ukakiosha kwa maji ya moto na sabuni na ukashuka mpaka 137 jumla. Makaratasi magumu ya ndani ya tishu za chooni, maboksi ya viatu na ya cornflakes ni midoli tosha, hamsta meno yake ya mbele hayaachi kukua kwahiyo kutafuna ni lazima, na boksi la bure analitafuna vilevile kama la kununua. Gurudumu ndo usibane, la bei rahisi linalia kama baiskeli bila grisi. Na kabla hujaenda dukani wapigie RSPCA au vituo vingine vya kuokolea wanyama, hamsta wanatupwa wengi sana na mara nyingine wanapewa mtu pamoja na vitu vyao.

Matumizi ya mwezi yasikutishe. Chakula ni rahisi, anakula kama gramu 10 kwa siku, ni kijiko kimoja cha chakula, kilo moja inakwenda miezi 3, kwahiyo weka pauni 3. Matandiko 8, na usiyabadilishe yote kwa mpigo, toa ile kona anayokojolea na sehemu iliyochafuka, ukimtolea kila kitu harufu yake inapotea na anahangaika. Mchanga na vipande vya tango au karoti, tuseme 2. Hapo ni 13. Juu yake nataka uweke 12 nyingine kwenye kibubu cha daktari, kila mwezi, kama unavyotoa mchezo wa kina mama, usiiguse. Jumla 25 kwa mwezi. Hamsta anaishi miaka 2 hivi, wengine wanafika na nusu, kwahiyo miezi 24 ni 600, na ile 187 ya mwanzo inakuwa 787. Hiyo ndo bei ya hamsta mwanangu. Kaa na baba Zahra muiangalie pamoja, mkiona inawezekana bila kuminya hela ya chakula na kodi, sawa.

La safari umefanya vizuri kulitaja. Wiki 5 ni siku 35, ukimpeleka kwa watu wanaolaza wanyama hata kwa pauni 5 kwa siku ni 175, karibu sawa na kila kitu ulichonunua. Kwahiyo mtu wa kumuangalia umpate kabla hujamnunua hamsta, sio wiki ya kufunga mabegi. Mama wa huyo rafiki wa shule ambaye tayari anaye, ndo nimemfikiria mimi, kizimba kihamie kwake, umuachie chakula na namba ya daktari, na ukirudi mletee korosho na kanga mbili nzuri. Ila kama safari ni mwaka huu huu mimi ningesubiri, ningemwambia Zahra tukirudi mwezi wa 9 tunamchukua, na kuanzia leo hiyo 25 ningeiweka kila mwezi, hapo utajua kama nyumba inaweza kuibeba au haiwezi kabla kiumbe hakijaingia.

Mama mkwe mpigie video siku hiyo umuonyeshe, mkia wake kidogo hata hauonekani, huenda akalainika. Usiku kizimba kikae sebuleni, sio chumbani kwa mtoto, huyu mchana analala usiku ndo anaamka. Kwenye baridi msikiweke gereji wala karibu na dirisha, chumba cha digrii 18 mpaka 21 kinamtosha, baridi ikizidi sana anazimia usingizi mzito mtu akadhani kafa. Hita ya peke yake hahitaji. Na kisheria kwa England na Wales mtoto chini ya miaka 16 hauziwi mnyama, jukumu ni la mzazi, kwahiyo Zahra akichoka baada ya mwezi, na wengi wanachoka, wewe ndo utakuwa unamuwekea maji.

Shangazi habari. Dukani wamenishauri nichukue hamsta wawili wa Syria wasiwe wapweke, eti chakula na kizimba wanashea kwahiyo kwa hesabu nafuu. Ni kweli? *Baba mapacha, Milton Keynes*

Nzuri baba. Sio kweli, usichukue wawili. Hawa wa Syria wakishakua wanaishi mmoja mmoja, ukiwaweka pamoja wanapigana mpaka wanauana, kwahiyo utanunua kizimba cha pili na gurudumu la pili usiku huohuo. Na kama dukani walikosea wakakupa dume na jike, mimba yao ni siku 16 tu, alafu watoto wanane au zaidi. Mapacha wako najua kila mmoja atataka wake. Wape zamu, mmoja amlishe jumatatu mwingine jumanne.

Shangazi, hamsta wetu nilimnunua pauni 12, sasa kaota uvimbe na daktari kaniambia kuutoa ni kama pauni 200. Mume kanicheka, anasema nunua mwingine. Mimi nalia na naona aibu kulia. *Wa Reading*

Usione aibu mwanangu. Umemlisha kwa mkono wako mwaka mzima, utaachaje kulia. Pauni 12 ilikuwa bei ya kumtoa dukani, sio thamani ya maumivu yake, na sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 inamtaka mwenye mnyama amkinge na maumivu na ugonjwa, awe ng'ombe awe hamsta. Lakini haikulazimishi kufanya operesheni. Rudi kwa daktari umuulize mambo matatu: ana umri gani na anaweza kuhimili dawa ya usingizi, kuna dawa ya kumtuliza maumivu akaishi vizuri siku alizobakiza, na kama ni kumlaza moja kwa moja, yaani kumchoma sindano afe bila maumivu, inagharimu kiasi gani. Kwa hamsta aliyezeeka mara nyingi hilo la pili au la tatu ndo la huruma zaidi na gharama yake ni ndogo sana kuliko 200. Omba gharama waandike kwenye karatasi kabla hawajamgusa. Kama mnapokea benefit, ile hela ya msaada ya serikali, piga simu PDSA, shirika la hisani la kutibu wanyama, wanasaidia wenye kipato kidogo, waulize kama postikodi yako imo na kama wanapokea wanyama wadogo.

Na kama ni kumlaza, omba uwepo. Nenda na kitambaa kutoka kwenye kiota chake, kina harufu anayoijua.