Nianze na kitabu gani cha Gurnah?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeshika riwaya ya Abdulrazak Gurnah mara mbili, zote nikaiachia njiani. Nianze na ipi? Na huyu tumhesabu mwandishi wetu au wa Uingereza?

JIBU: Ndugu msomaji, anza na Peponi, tafsiri ya Paradise (1994) iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusuf, mvulana wa miaka 12, anadhani anasafiri na mjomba wake. Kumbe baba yake amemweka rehani kwa tajiri Aziz kwa ajili ya deni. Wengi hukwama kwenye msafara wa kwenda bara, maana majina ni mengi, watu wanaugua na biashara inaharibika. Usiruke kurasa hizo. Ndipo Yusuf anapoona utajiri wa Aziz unavyochumwa, na bila hizo uamuzi wake wa mwisho, mbele ya askari wa Wajerumani, utakushangaza bure.

Kisha soma Afterlives (2020). Usimtafute Yusuf humo. Hamza ni mtu mwingine, ingawa naye anaingia uaskari wa Wajerumani.

Kuhusu uwetu wake: alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964 na kufika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakukanyaga tena nyumbani hadi 1984. Alianza kuandika akiwa na miaka 21, lakini riwaya ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka 1987. Katikati hapo alifundisha Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, Nigeria, akapata udaktari Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, na Kent ndiko alikofundisha hadi kustaafu. Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya 2021 ilimkuta na riwaya kumi. Wanaosema aliibuka ghafla hawakuwa wakimsoma.

Anaandika Kiingereza, ila Kiswahili ndiyo lugha yake ya kwanza, na sisi tunamhesabu wetu bila kusita. Ukitaka ushahidi, fungua By the Sea (2001). Mzee Saleh Omar anatua Gatwick kwa pasipoti ya jina la mtu mwingine, ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, na ofisa wa uhamiaji anamchukulia kisanduku chake cha udi. Aliyekulia nyumba inayofukizwa udi haelezwi mzee kapokonywa nini.