Maswali ya Wasomaji: Simu Ndani ya Gari, Mikono Kwenye Usukani

SWALI: Nimenunua gari lililokwisha kutumika, na redio yake ina Bluetooth. Kila nikijaribu kuiunganisha na simu yangu, jina la gari huonekana, nakubali, kisha baada ya muda mfupi naambiwa kuwa imeshindikana. Siku moja ilikubali, muziki ukasikika vizuri kwenye spika za gari, lakini nilipopigiwa, simu ililia mfukoni mwangu na jina la mpigaji halikuonekana kwenye redio. Je, nimeuziwa redio mbovu?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa dalili ulizozieleza sidhani kwamba redio yako ni mbovu. Yaelekea una matatizo mawili tofauti, na yote mawili unaweza kuyamaliza mwenyewe gari likiwa limeegeshwa.

La kwanza ni kumbukumbu ya redio. Redio ya gari huhifadhi majina ya simu zilizowahi kuunganishwa nayo, na nafasi yake si kubwa. Gari lililopita mikononi mwa watu kadhaa huenda limejaa simu za watu ambao hutakutana nao kamwe, na redio iliyojaa inaweza kuikataa simu mpya bila kueleza sababu. Fungua orodha ya vifaa kwenye redio na uzifute simu zote zilizomo. Kisha ingia kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu yako na uliondoe gari hilo kwenye vifaa vilivyohifadhiwa, kwa sababu jaribio lililoshindikana huweza kuacha kumbukumbu inayovuruga jaribio linalofuata. Zima redio na simu, uziwashe tena, ndipo uoanishe upya. Kwa kawaida namba ya tarakimu sita hujitokeza pande zote mbili. Hakikisha ni ileile kabla ya kukubali. Redio za zamani huomba namba ya siri, ambayo mara nyingi ni 0000 au 1234. Usijaribu kufanya kazi hii ukiwa safarini. Magari mengi huifunga sehemu hiyo ya menyu magurudumu yanapoanza kuzunguka, na waliobuni utaratibu huo walifanya jambo jema.

La pili linahusu ruhusa. Bluetooth tunaiita kwa jina moja, lakini ndani yake mna huduma kadhaa zinazojitegemea: moja hubeba mazungumzo ya simu, nyingine muziki, nyingine orodha ya majina, nyingine ujumbe mfupi. Ndiyo maana muziki wako uliweza kupita ilhali mazungumzo yalibaki kwenye simu. Baada ya kuoanisha, gusa jina la gari kwenye mipangilio ya simu, utaona vitufe vya kuwasha kila huduma peke yake. Washa cha simu na cha majina. Najua wapo wanaokataa kuipa redio orodha ya majina kwa kuogopa siri zao kuvuja, na tahadhari hiyo ni nzuri katika gari la mtu mwingine. Katika gari lako mwenyewe, hata hivyo, kuikataa kuna gharama yake, kwani redio itakuonyesha namba tupu, nawe utashawishika kuitoa simu mfukoni ili ujue ni nani anayepiga.

Ukimaliza, mwombe mtu akupigie kabla hujaondoka, umuulize anakusikiaje. Kipaza sauti cha gari ni kidogo sana: katika magari mengi ni vitundu vichache vilivyotobolewa karibu na taa ya dari, juu ya kichwa cha dereva. Upepo wa kiyoyozi ukielekezwa huko, au dirisha likiwa wazi, anayekusikiliza atasikia ngurumo, nawe utajikuta unapaza sauti na kurudia maneno, yaani akili yako itakuwa kwenye simu kuliko ilivyopaswa.

SWALI: Gari langu ni la zamani na redio yake haina Bluetooth wala skrini. Je, kuna njia ya kuzungumza bila kuishika simu?

JIBU: Ipo, tena haikulazimu kubadilisha redio. Kuna spika ndogo yenye kipaza sauti chake, ambayo hubanwa kwenye kile kibao cha kuzuia jua, hutumia betri yake yenyewe na kuunganishwa na simu kwa Bluetooth. Kitufe chake kikubwa hupatikana kwa kidole bila msaada wa macho, na kwa sababu hiyo mimi huipendekeza kuliko vifaa vingine vyote vya bei nafuu. Kifaa kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara na kurusha sauti kwa masafa ya FM hadi kwenye redio nacho hufanya kazi, ila safari inapokuwa ndefu masafa uliyoyachagua huingiliwa na kituo cha redio cha eneo unalopita, na dereva huanza kutafuta masafa mengine huku gari likienda kasi. Waya wa sauti wenye pini ya milimita 3.5 hutoa sauti safi, lakini hubeba sauti tu: kuipokea simu bado kutakuhitaji uiguse.

Vifaa vya kusikilizia vya masikioni sikushauri, hasa vya masikio yote mawili. Honi, king'ora cha gari la wagonjwa na hata mlio usio wa kawaida wa gurudumu lako mwenyewe ni habari ambazo dereva anazihitaji, na katika baadhi ya nchi sheria inakataza kuyaziba masikio yote mawili.

Ikiwa unaitumia simu kwa ramani pia, nunua kishikizi imara. Kiweke mahali ambapo jicho litaifikia simu kwa kushuka kidogo tu kutoka barabarani, bila kuziba sehemu ya kioo unayotazamia njia. Usikiweke kamwe juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa wa usalama, kwa sababu mfuko huo hufunguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde na chochote kilicho juu yake hurushwa kwa nguvu kuelekea kwa watu. Jua nalo lizingatie. Kampuni ya Apple, kwa mfano, inataka iPhone itumike mahali penye joto la nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi, na nyuma ya kioo cha mbele chenye jua kali kiwango hicho hupitwa haraka. Simu iliyopata joto kupita kiasi hufifiza skrini, husitisha chaji, na inaweza kukuacha bila ramani katikati ya njia usiyoijua.

SWALI: Gari langu lina CarPlay na Android Auto, yaani mifumo ya kuzileta programu za simu kwenye skrini ya gari. Nikichomeka waya, wakati mwingine simu huchaji tu bila kitu chochote kuonekana kwenye skrini, na wakati mwingine hukatika mara gari linaporuka shimo. Nibadilishe simu?

JIBU: Badilisha waya kwanza. Waya wa kawaida wa USB huwa na nyuzi mbili za umeme na nyingine za kupitishia data, na kuna nyaya za bei ya chini ambazo nyuzi za data hazikuwekwa kabisa. Waya wa namna hiyo utachaji simu miaka yote bila kupitisha hata herufi moja. Tafuta waya mfupi, mnene kiasi, unaojulikana kuwa unapitisha data. Angalia pia tundu la gari, maana si kila tundu la USB limeunganishwa na skrini. Mengine ni ya chaji peke yake.

Kuhusu kukatika kwenye mashimo, chungulia tundu la simu yako kwa kurunzi. Simu inayokaa mfukoni hukusanya nyuzinyuzi za nguo, na kila unapochomeka waya unazishindilia chini, hadi waya hauzami tena mpaka mwisho wake. Izime simu, uzichokoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao, kamwe si kwa sindano. Mara nyingi hutoka kipande cha uchafu kilichogandamana, na baada ya hapo utausikia waya ukiingia na kukaa sawasawa.

Gari lenye uwezo wa kuunganishwa bila waya huanza kwa Bluetooth, kisha hukabidhi kazi nzito kwa Wi-Fi. Kwa hiyo ukizima Wi-Fi ya simu ili kuokoa chaji, muunganisho hautakamilika.

SWALI: Mwanangu huendesha gari kutwa kwa sababu ya kazi yake. Simu ameiunganisha na gari, haigusi, lakini huzungumza safari nzima, hata vikao vya kazi huvifanya akiwa njiani. Nikimwambia naogopa, hunijibu kwamba mikono yake yote miwili iko kwenye usukani. Je, hofu yangu haina msingi?

JIBU: Mama, hofu yako ina msingi, na ningefurahi kama mwanao angeusoma ukurasa huu.

Sheria za nchi nyingi zinakataza kuishika simu, na hata Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usalama barabarani uliongezewa katazo hilo mwaka 2006. Hilo limewafanya madereva wengi waamini kuwa kisichokatazwa hakina hatari. Utafiti haukubaliani nao. Mwaka 1997 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa Redelmeier na Tibshirani uliohusu madereva 699 wa Toronto waliopata ajali na waliokuwa na simu. Ulionyesha kuwa uwezekano wa kugongana uliongezeka takriban mara nne wakati simu inapotumika, na simu zisizoshikwa kwa mkono hazikuonekana kuwa na nafuu ya maana kuliko zile za kushikwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, wakiifanyia kazi taasisi ya usalama barabarani ya AAA nchini Marekani, waligundua kuwa dereva aliyetoa amri kwa sauti anaweza kubaki na mawazo yaliyotawanyika hadi sekunde 27 baada ya kumaliza. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde 27 ni mita 600.

Mimi mwenyewe niliwahi kuipita njia panda niliyoizoea nikiwa katika mazungumzo ya namna hiyo. Macho yangu yalikuwa mbele, mikono yangu ilikuwa mahali pake, na kibao cha njia lazima kilipita mbele yangu, sikukiona. Nilishtuka nilipokata simu na kukuta nimo katika barabara nyingine. Nilikosa njia tu, lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama ningemwona mtoto anayevuka.

Abiria aliyeketi pembeni huiona hatari pamoja na dereva, hunyamaza, na pengine humtahadharisha. Aliye upande wa pili wa simu haoni chochote, kwa hiyo huendelea kudai majibu wakati uleule lori linapohama njia. Vikao ndivyo vibaya zaidi, kwa kuwa humtaka mtu afikiri, akumbuke tarakimu na atetee hoja. Mwambie mwanao aigeuze simu ya garini kuwa ya salamu na taarifa fupi, na jambo lolote linalohitaji kufikiri alisubirishe hadi atakapoegesha. Simu za iPhone na nyingi za Android zinaweza kutambua kuwa mtu anaendesha, zikanyamazisha arifa. iPhone huweza pia kumjibu kwa ujumbe aliyetuma ujumbe kwamba mwenyewe yuko barabarani. Ayaandae hayo nyumbani. Nawe, Mama, unapompigia, neno lako la kwanza liwe kumuuliza kama anaendesha. Akisema ndiyo, muage.

SWALI: Nikikodi gari, ni salama kuliunganisha na simu yangu?

JIBU: Unaweza kuliunganisha, lakini ukiombwa ruhusa ya orodha ya majina na ujumbe, ikatae, maana gari linaweza kuvihifadhi hata baada ya wewe kuondoka. Ukitaka kuchaji tu, tumia chaja ya tundu la kuwashia sigara badala ya tundu la USB la gari. Kabla ya kurudisha ufunguo, ifute simu yako kwenye orodha ya redio, futa pia anwani ulizoziandika kwenye ramani ya gari, hasa ya nyumbani kwako. Anayeuza gari lake na afanye vivyo hivyo, kisha airudishe redio nzima katika mipangilio ya kiwandani.